Farasi Mwenye Mabawa na Gari la Moshi la Kasindi

Kuna swali ambalo wanavyuoni na wanafalsafa wamelizungumza kwa namna nyingi, nalo ni hili: je, mtu ana haki ya kuunda mfano wa kitu ambacho hakukiona kwa macho yake, wala hakipo katika nchi yake, wala hana yakini kwamba siku moja kitakuwapo; na akiuunda, je, amesema kweli au amesema uongo, amefanya kazi au amefanya upuuzi, amemshukuru Muumba aliyempa mikono na akili au amezitupa neema hizo mbili? Aghalabu swali hili hutajwa kwa habari ya masanamu na picha, na waliolijibu walikuwa na mahekalu na majumba ya wafalme mbele ya macho yao. Mimi nalileta kwa habari ya jambo dogo zaidi, yaani gari la moshi la mbao, waya na vifungo vya nguo, lililoundwa juu ya mlango mkuukuu katika chumba cha nyuma cha nyumba ya dada yangu hapa Kasindi, mji ambao haujapata kuwa na reli hata hatua moja.

Asiyeijua Kasindi na ajue kwamba ni mji wa mpakani, upande wa Beni katika Kivu ya Kaskazini, uliokaa chini ya milima ya Ruwenzori ukitazamana na Mpondwe ya Uganda, na mto Lubiriha ukipita baina yao. Riziki ya watu wake imo katika magari. Malori yatokayo Mombasa na Kampala hupanga foleni mbele ya forodha, ambayo watu wa huku huiita duane, yakileta saruji, mafuta na nguo. Na mengine huteremka kutoka Butembo na Beni yakipeleka kahawa, kakao na mbao. Kwa hiyo watoto wa mji huu huunda malori. Hukata bidoni za mafuta ya kupikia wakapata bodi, hukata kandambili zilizokatika wakapata matairi, hupinda seng'enge wakapata chasisi na usukani mrefu wa kusukumia, na ustadi wao ni mkubwa hata mtu mzima huweza kutambua kwa kuangalia tu kama lori lile ni la mizigo mikavu au la mafuta. Hapo hapana swali la kumsumbua mwanafalsafa, maana mtoto ameiga alichokiona asubuhi akienda shule.

Gari la moshi ni jambo jingine. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, ikaingia Kampala mwaka 1931, na mwaka 1956 ikafika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Na kutoka Kasese hadi mpakani kwetu ni safari isiyofika kilomita 70. Kasese ndiko reli ilikokoma. Kwa upande wa Kongo, njia nyembamba yenye upana wa milimita 600 ilifika Mungbere mwaka 1937, ng'ambo ya misitu ya Ituri, na ile ya kusini ilikwishafika Kalemie, penye ziwa Tanganyika, mwaka 1915. Lakini baina ya Mungbere na Kalemie nchi yetu iliachwa kama ukurasa mtupu katikati ya kitabu kilichoandikwa pande zote mbili. Na katika miaka ya 1990 treni za Kasese nazo zikasimama, nyasi zikamea juu ya mataruma. Basi mtoto wa Kasindi aliyezaliwa baada ya hapo hajui gari la moshi ila kwa masimulizi ya wakubwa waliovuka kwenda Kasese kwa biashara siku zile, na masimulizi hayo hupungua kila mzee mmoja anapozikwa.

Katika nyumba ya dada yangu masimulizi yalitoka kwa mama yetu. Alikuwa akivuka mto na maharage na samaki wa ziwani, akalala Kasese stesheni akingoja treni ya Kampala, na alipowahadithia wajukuu wake hakuwapa hesabu wala vipimo, bali aliwapa sauti, harufu ya moshi, giza la behewa la daraja la tatu na kelele za wachuuzi dirishani. Kwa habari hiyo tu wakataka kuunda. Wakaja kwangu mimi mjomba wao, kwa kuwa nina bisibisi na msasa. Nami kabla ya kushika bisibisi nilikumbuka riwaya moja ambayo haijapata kunitoka moyoni.

Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alirejea nyumbani kutoka safari ya vita, na upepo ukavuma ukalifunua pazia la mahali ambapo mkewe Bibi Aisha, radhi za Mungu zimfikie, alikuwa ameweka wanasesere wake. Kati yao Mtume akamwona farasi mwenye mabawa mawili ya vipande vya nguo. Alipouliza ni nini akajibiwa kuwa ni farasi. Alipostaajabia farasi kuwa na mabawa, Bibi Aisha akamwuliza iwapo hakusikia kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa. Na Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Habari yenyewe ni hiyo, wala haina urefu zaidi ya huo.

Wanavyuoni wameitumia riwaya hii kwa ajili ya hukumu moja, kwamba vitu vya kuchezea watoto vina ruhusa ambayo masanamu hayana, na hukumu hiyo ni kubwa. Mimi naomba ruhusa ya kukaa kidogo na mabawa yale. Yalikuwa ya matambara, yaani mabaki ya nguo iliyokwisha kazi yake. Katika nyumba ambayo siku nyingine haikuwashwa moto wa kupikia, kulikuwa na mtoto aliyeona kwamba kipande cha nguo kisichofaa kiraka chafaa bawa. Tena mabawa yale hayakuigwa kwa kitu chochote kilichopata kuonekana Madina. Aliyeyashona alisikia habari ya mfalme aliyepita karne nyingi kabla yake, akaichukua habari hiyo kwa uzito wake wote, akaitia sindano na uzi. Alipoulizwa hakujitetea kwa kusema kwamba ni mchezo tu, bali alileta hoja: je, hukusikia? Ushahidi wake ulikuwa masikio. Na aliyekuwa mwaminifu kuliko watu wote hakumwambia kwamba amesema uongo, wala hakumtaka ayang'oe mabawa, bali alicheka kicheko cha radhi. Kwa hiyo nasema kwamba mfano wa kitu kilichosikiwa tu una nafasi yake nyumbani mwa mtu mwenye imani, na anayemkemea mtoto kwa kuunda asichokiona amejitwika ukali ambao mbora wa watu hakujitwika.

Sasa na nieleze kazi yenyewe, maana hoja isiyogusa mbao na gundi katika jambo hili ni hoja ya mtu aliyekaa mbali.

Katika kila kazi ya kuunda treni ndogo jambo la kwanza ni kipimo, na tajiri hukinunua kipimo tayari. Watengenezaji wa Ujerumani waitwao Märklin walileta katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1891 treni za kuchezea zenye vipimo maalumu, ili aliyenunua kichwa leo anunue behewa kesho na reli mwakani, na vyote vioane. Na hivi leo kipimo kipendwacho zaidi ulimwenguni ni kile cha sehemu moja kwa 87. Asiye na fedha huanza kwa upande mwingine. Hutafuta kwanza gurudumu, kwa sababu gurudumu ndilo gumu kulipata, kisha ulimwengu wote uliobaki huufuatisha kwa gurudumu hilo. Vizibo vya chupa vilikuwa vingi, lakini kizibo kina upana wa karibu sentimita 3, na kwa kuwa gurudumu la behewa la kweli lina upana wa karibu sentimita 78, behewa la kulingana na kizibo lingekuwa refu kuliko mkono wa mtoto na treni nzima isingeweza kukata kona chumbani. Vifungo vya koti vya milimita 12 vilitupa sehemu moja kwa 65. Kwa kipimo hicho, reli za Uganda, ambazo upana wake ni mita moja, zilikuwa na haki ya upana wa milimita 15. Spoki za baiskeli zikawa reli, vijiti vya mianzi vikawa mataruma, na mlango mkuukuu wenye upana wa sentimita 80 ukatosha kwa kona ya mzunguko. Mota ilitoka katika redio ya kaseti iliyokwisha kufa, mkanda wa kuizungushia ekseli ukawa mpira wa kufungia noti uliotupwa na wabadili fedha wa mpakani, na kwa kuwa vifungo havipitishi umeme, betri ilipandishwa ndani ya behewa la kwanza badala ya kupitisha umeme relini. Milima ilikuwa karatasi za mifuko ya saruji zilizolowekwa katika uji wa muhogo. Udongo ulikuwa masimbi ya kahawa yaliyokaushwa juani. Majani yalikuwa unga wa mbao uliotiwa rangi, na unga wa mbao hapa Kasindi haununuliwi.

Katika siku za mwanzo treni ile ilianguka. Haikuanguka mara moja moja, bali ilianguka kila ilipotembea, na wapwa wangu wakarudi kwa bibi yao kumwuliza upya: magari ya Kasese yalikuwaje hata yasianguke? Mama yetu akajibu alilolijua, kwamba yalikwenda juu ya vyuma viwili, basi. Hakupata kuinama kutazama gurudumu, na nani angeinama, akiwa na mizigo kichwani na mtoto mgongoni? Habari ilikuwa ya kweli lakini ilikuwa na upungufu, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuuliza. Ndipo mmoja wao, baada ya kukaa akiitazama spoki kwa muda mrefu, alipochukua kifungo kikubwa akakigandisha nyuma ya kifungo kidogo, kile kikubwa kikawa ukingo unaoshuka upande wa ndani wa reli, na behewa likatembea kutoka mwisho mmoja wa mlango hadi mwingine bila kuanguka.

"Mjomba," aliniambia, "bibi hakusema hivi, lakini haiwezekani iwe namna nyingine."

Maneno hayo yalinistusha, kwa maana ndani yake mlikuwa na jambo ambalo watu wa tasawufu wamelifundisha tangu kale. Wao husema kwamba yakini ina daraja tatu, na mfano wao ni moto: mwenye kusikia habari ya moto ana ilmulyakini, mwenye kuuona moto ana ainulyakini, na mwenye kuunguzwa nao ana hakkulyakini. Mimi nilikuwa nikidhani kwamba daraja hizi hupandwa kwa taratibu, kwamba hapana mtu wa kufika ya tatu asiyepita ya pili. Mtoto yule hakupata kuliona gurudumu la treni. Alitoka katika kusikia akaingia moja kwa moja katika kuunguzwa, yaani katika ile hali ambamo kitu chenyewe kinakuamuru, na akaijua sababu ya ukingo wa gurudumu kwa yakini ambayo wasafiri maelfu waliopanda treni maisha yao yote hawakuwa nayo. Baadaye konani magurudumu yalilia na kukwama, kwa sababu mawili yaliyofungwa katika ekseli moja huzunguka kwa mwendo mmoja ilhali reli ya nje ni ndefu kuliko ya ndani. Hapo tukavipiga vifungo msasa mpaka vikawa na mteremko mdogo kuelekea nje, jinsi magurudumu ya kweli yalivyo, ili lile la nje likanyage kwa sehemu yake nene na la ndani kwa sehemu yake nyembamba. Hilo nalo bibi hakulisema. Lilikuwamo katika mambo yenyewe, likingoja mtu wa kulihitaji.

Hapa ndipo ninapotofautiana na Plato, ingawa simtaji ila kwa heshima. Katika kitabu chake cha Jamhuri amewashtaki wenye kuiga, akasema kwamba seremala huunda kitanda kwa kuielekea asili ya kitanda iliyo kwa Mungu, na mchoraji huiga kitanda cha seremala, kwa hiyo mchoraji yu mbali na kweli kwa daraja ya tatu. Shtaka hili laweza kumpata mchoraji, kwa kuwa mwenye kuchora treni ana ruhusa ya kuuacha upande usioonekana. Mwenye kuunda treni inayotembea hana ruhusa hiyo. Kila alichokificha kitamwangusha. Mfano utembeao hauigi sura peke yake, bali huiga sababu, na sababu ni ileile katika kifungo cha milimita 12 na katika gurudumu la chuma lenye kubeba tani nyingi za shaba. Haikupunguzwa kwa kipimo. Na Plato mwenyewe, alipokuwa mzee akiandika kitabu cha Sheria, alisema kwamba mtoto atakayekuwa mjenzi apewe nyumba ndogo za kujenga katika michezo yake na zana ndogo zilizo mfano wa zile za kweli. Sijui hoja ya kumjibu Plato iliyo bora kuliko ya Plato.

Lakini tusijidanganye kwamba mfano hubeba kila kitu. Reli ya Kampala hadi Kasese ni zaidi ya kilomita 330, na ikipunguzwa kwa kipimo chetu yabaki kilomita 5, wakati mlango wa dada yangu una mita 2. Ile injini kubwa iitwayo Mount Gelai, iliyowekwa katika makumbusho ya reli Nairobi, moja katika zile 34 za namna yake zilizovuta mizigo ya Mombasa, yenye urefu wa karibu mita 32 na uzito unaozidi tani 250, ingekuwa kwetu nusu mita, robo nzima ya mlango. Basi ilipasa kuchagua, na kuchagua ni kuacha. Watoto waliiacha Kampala, wakaacha mabwawa na mashamba ya chai, wakaweka stesheni ya Kasese, mlima mmoja wenye kilele cheupe cha chokaa, mto Lubiriha uliopakwa rangi, na baada ya mto, mahali ambapo katika ardhi ya Mungu hapana kitu cha namna hiyo, wakaweka stesheni ya Kasindi. Sikuwaagiza. Nilipowauliza kama bibi aliwahi kutaja stesheni ya Kasindi walikubali kwamba hakuitaja, na hawakuona kwamba hilo ni sababu ya kuiondoa.

Mwenye kupenda dini atauliza habari ya taswira. Wapo katika jamaa zetu waliouliza, na haki yao ni kujibiwa kwa adabu. Katika Sahihi ya Bukhari imo habari ya mtu aliyekuwa akiishi kwa kazi ya kuchora, akaenda kwa sahaba Ibn Abbas, naye akamwonya juu ya viumbe wenye roho, kisha akamwelekeza achore miti na kila kisicho na roho. Treni haina roho, wala mlima, wala mgomba, na kwa hiyo sehemu kubwa ya mlango wetu haina mashaka. Shida imo katika abiria. Ndugu wengine wa madhehebu yetu hupenda jukwaa la stesheni libaki tupu. Wengine hushika ile ruhusa ya wanasesere wakasema kwamba vitu vya watoto havimo katika makatazo. Watoto wenyewe waliukata ugomvi kwa namna iliyonifurahisha: wakaweka jukwaani mizigo, magunia ya kahawa ya ukubwa wa punje ya hindi, masanduku, vikapu, na ndoo moja ya samaki, na kila anayetazama hujua kwamba watu wapo karibu, wamekwenda kutafuta chai.

Na wasomaji wetu Wakristo, ambao ndio wengi katika nchi hii ya Butembo na Beni, wasidhani kwamba jambo hili ni la Waislamu peke yao. Katika kitabu cha Kutoka, kidogo baada ya amri inayokataza sanamu ya kuabudiwa, imeandikwa kwamba Musa alionyeshwa mlimani mfano wa maskani na vyombo vyake, akaamriwa avifanye kwa mfano huo. Mfano ulitangulia. Watu walikuwa wangali jangwani, hawana mji wala ukuta, na tayari palikuwa na kiolezo cha nyumba ya ibada chenye vipimo vyake kwa dhiraa. Akili zetu za kila siku hufikiri kwamba kitu huja kwanza na mfano ukafuata, kama lori la kandambili linavyolifuata lori la saruji. Walakini kazi zote kubwa za wanadamu zilikwenda kinyume cha hivyo, na hapana daraja wala bandari iliyojengwa ambayo haikuwa kwanza ndogo mezani kwa mtu fulani.

Sisemi kwamba mlango wa dada yangu utaleta reli. Katika michoro ya reli mpya ya Uganda njia ya magharibi inakusudiwa kufika Mpondwe. Mkataba wa sehemu ya kwanza, kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272, ulitiwa sahihi Oktoba 2024. Na barabara ya lami ya kilomita 80 kutoka mpakani hadi Beni ilianza kujengwa baada ya miaka mingi ya matope. Hayo ni mambo ya serikali na fedha, na mtoto wa Kasindi hana kura ndani yake. Imamu Ghazali amepambanua baina ya rajaa na ghururi: mwenye rajaa hufanya kilicho katika uwezo wake kisha akamwachia Mungu kilichobaki, na mwenye ghururi hukaa mikono mitupu akitamani. Kwa mizani hii nimewapima wapwa wangu nikawaona katika upande wa rajaa. Kilichokuwa katika uwezo wao kilikuwa mlango, spoki na vifungo, na hawakubakisha hata kimoja.

Tena nisisikike kama ninayeusifu ufukara. Ufukara ni balaa, na Mtume amejikinga kwa Mungu kutokana nao. Sikubaliani na wale wanaowaambia watoto maskini kwamba wana bahati kwa kuwa wanaunda wenyewe, hali wasemaji wamewanunulia watoto wao kila kitu. Kama ningekuwa na fedha ningewanunulia mota nzuri na gundi isiyooza, na ningefurahi kuwapeleka Hamburg wakaone jumba liitwalo Miniatur Wunderland, lililofunguliwa mwaka 2001, ambamo treni ndogo hupita milimani na mijini bila hesabu. Ninachosema ni kidogo zaidi: uchache wa fedha haukuwanyima elimu yenyewe, kwa kuwa elimu ilikuwa katika lile swali la kwa nini inaanguka, na swali hilo haliuzwi.

Limebaki pingamizi moja, zito kuliko yote, nami sikulitaja mapema kwa sababu linanikaa kooni. Tarehe 15 Januari 2023, siku ya Jumapili, bomu liliripuka kanisani hapa Kasindi watu wakiwa katika ibada, likaua na kujeruhi. Katika mwezi wa Juni mwaka uleule, ng'ambo ya mto, wanafunzi wa shule ya sekondari ya Mpondwe waliuawa usiku mabwenini mwao. Njia ya Beni tumewazika watu wake tangu miaka mingi. Je, katika nchi kama hii, mtu mzima mwenye akili timamu akae chumbani akipiga vifungo msasa? Jirani mmoja, mtu mwema aliyefiwa, aliniuliza hivyo bila hasira, nami sikumjibu siku ile, kwa kuwa aliyefiwa hajibiwi kwa hoja.

Nikimjibu leo nitasema hivi. Katika kitabu chake cha Ihya, Ghazali anaagiza kwamba mtoto aliyetoka chuoni apewe nafasi ya mchezo mwema, kwa maana kumzuilia mchezo na kumtwisha masomo daima kunaufisha moyo wake. Na yeye alisema hayo kwa habari ya uchovu wa vitabu tu. Moyo unaofishwa na hofu una haja kubwa zaidi. Waliotega bomu wanataka mtoto wa Kasindi aamini kwamba kila kitu chaweza kuvunjwa kwa dakika moja na hapana kinachoweza kuungwa. Mbele ya mafundisho hayo, mtoto anayegandisha kifungo kwa kifungo akangoja gundi ikauke mpaka kesho yake anajifunza kinyume, anajifunza kwamba kitu kilichoanguka kina sababu ya kuanguka na sababu hiyo yaweza kutafutwa na kuondolewa kwa mikono. Na haya siyaiti upuuzi. Upuuzi ambao Qurani inatutahadharisha nao ni ule unaomsahaulisha mtu. Mchezo huu haukumsahaulisha yeyote nyumbani mwetu: magunia yaliyoko jukwaani, mdogo wao aliniambia, ni ya wale waliokuwa wakija sokoni na sasa hawaji.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba kuunda mfano wa kitu kilichosikiwa tu ni halali, na ni namna ya kusema kweli, kwa sharti moja: habari iwe habari, isiwe uzushi. Bibi Aisha alikuwa na habari ya Suleiman. Wapwa wangu walikuwa na bibi. Sharti hilo linanitia wasiwasi, kwa sababu treni ya Kasese ilikoma katika miaka ya 1990, na waliolala stesheni wakiingoja sasa ni wazee, na wengi wao hawajapata kuulizwa neno. Basi wewe msomaji wa Kasindi, wa Mutwanga, wa Beni, wa Butembo, uliye na baba, mama, shangazi au jirani aliyepanda gari lile, mkalishe leo pamoja na mtoto mwenye daftari. Aulizwe milango ilifunguka upande gani, tiketi ilikuwa na rangi gani, mizigo ilipakiwa wapi, na usiku walipokuwa wakingoja watu walikula nini. Na ile redio iliyokufa, na ule mwavuli uliovunjika, usivitupe kabla hujamwuliza mtoto huyo kama anavihitaji.